Je, Wajua? Nani Kakutuma Moshi?

Je, wajua kwamba saa tatu asubuhi ya New York ni saa kumi jioni ya Moshi, na kwamba wakirudisha saa zao nyuma kwa majira ya baridi inakuwa saa kumi na moja? Mtu aliyeajiriwa kule na kuishi huku, Rau au Shanty Town, asubuhi yote ni yake. Huamka Kibo ikiwa wazi, kabla mawingu hayajaufunika mlima, akashuka mjini kwa kahawa, akarudi mchana kupumzika kidogo. Jua likishainamia upande wa Arusha ndipo anafungua kompyuta mpakato na kuianza siku ya kazi, majirani wakiwa wanaimaliza yao.

Watu wa namna hii utawakuta Moshi leo. Baadhi ni wageni waliokuja kupanda mlima na mji ukawanasa. Baadhi ni wana wa Kilimanjaro waliosoma ng'ambo, wakaajiriwa huko, kisha wakarudi nyumbani na kazi zao ndani ya begi. Wote, mapema au baadaye, hufika kwenye swali moja la fedha. Tiketi ya ndege, pango la nyumba, bando, betri ya kuhifadhi umeme: je, hizi ni gharama za kazi? Zinaweza kutolewa katika mapato kabla kodi haijapigiwa hesabu?

Nimelifuatilia jambo hili kwa muda, na naamini kiini chake kimo katika maneno ambayo bibi yeyote wa Marangu angemuuliza mjukuu aliyemtokea mlangoni bila taarifa: nani kakutuma? Kazi ikikutuma, kazi ilipe. Ukijituma, lipa mwenyewe. Mengi yaliyoandikwa na mahakama za London na Washington kuhusu nauli na malazi ni ufafanuzi wa swali hilo la bibi.

Je, wajua kwamba neno zito kuliko yote katika sheria yetu ya kodi ni "pekee"? Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, katika kifungu cha 11, inamruhusu mwenye biashara kupunguza kwenye mapato yake matumizi aliyoyafanya yote, na kwa ajili hiyo pekee, katika kuyazalisha mapato hayo. Matumizi ya kujitunza wewe na familia yako hayamo. Tena yapo matumizi yaliyofungiwa mlango kwa kutajwa: kodi ya mapato yenyewe, faini unazoilipa serikali kwa kuvunja sheria, na rushwa. Ndiyo, rushwa imeandikwa. Watunga sheria waliona ni vyema kusema waziwazi kwamba mtu hawezi kuhonga kisha akaiingiza hongo kwenye vitabu vya hesabu kama gharama ya kuendesha biashara.

Na mwajiriwa je? Hapa wengi hushangaa. Kifungu hicho ni cha mwenye biashara au uwekezaji. Mtu wa mshahara hutozwa karibu kwa mshahara wake wote. Kinachotangulia kutolewa ni mchango wake katika mfuko wa pensheni ulioidhinishwa. Hana mahali pa kuandika kwamba alinunua kiti cha kukalia wala bando la mwezi. Njia iliyo wazi kwake ni mwajiri amrudishie, na fedha ya kurudishiwa haihesabiwi kuwa mshahara ikiwa inafidia tu kile alichotumia kwa ajili ya kazi, bila ziada.

Fedha za namna hiyo ofisini tunaziita posho, na neno hili lina safari ndefu. Zamani za misafara posho ilikuwa chakula cha siku, nafaka aliyopimiwa mpagazi na mwenye msafara. Misafara iliyotoka Pangani na Mombasa ikapita miguuni pa Kilimanjaro ilitembea kwa posho hiyo. Aliyetumwa alilishwa na aliyemtuma. Leo wapagazi wa mlimani, wagumu kama wanavyojiita, hubeba mzigo wa mgeni usiozidi kilo 20, na neno la chakula chao cha kale limehamia kwenye hati za malipo za maofisa. Wazo lake la asili bado linaishi, na ndiyo maana posho inayozidi gharama halisi huanza kunuka mshahara machoni pa mtoza kodi.

Je, wajua kwamba nchi hii inayopima kila kitu kwa kilomita ina sheria ya kodi inayopima kwa maili? Iko katika sehemu ya sheria ya 2004 inayohusu mapato ya ajira. Nauli anayolipiwa mwajiriwa, mwenzi wake na watoto wao wasiozidi 4, kwenda au kutoka kituo cha kazi, haihesabiwi kuwa sehemu ya mshahara ikiwa makazi yake yako zaidi ya maili 20 kutoka kituo hicho, na ikiwa aliajiriwa amtumikie mwajiri huyo tu mahali hapo. Nauli iwe ile halisi, si zaidi.

Maili 20 ni kilomita 32 hivi. Daktari anayeajiriwa kutoka Mwanza kuja kufanya kazi hospitali ya KCMC anaingia humo bila shida. Karani wa Himo anayeajiriwa Moshi mjini haingii, kwa sababu barabara ya Himo haifiki umbali huo. Na mtaalamu wa kompyuta wa Berlin, ambaye mwajiri wake hana hata meza moja Tanzania, haingii pia, ingawa ameruka maelfu ya maili. Umbali anao. Kinachokosekana ni mwajiri kumhitaji awe Moshi. Jirani zetu wa Kenya nao wana kipengele kinachofanana na hicho: mwajiri akimlipia nauli ya likizo mwajiriwa asiye raia, aliyeajiriwa nje ya Kenya na aliyepo Kenya kwa ajili ya kazi hiyo tu, nauli hiyo haitozwi. Huko nako, aliyejileta hana fungu.

Mfano wa karibu zaidi tunao kila mwisho wa mwaka. Desemba ikifika, barabara ya kutoka Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 500, hujaa Wachagga wanaokwenda "kuhesabiwa". Magari yanapanda Marangu, Machame, Kibosho, Rombo. Vihamba, yaani mashamba ya ukoo, vilivyokuwa kimya mwaka mzima vinapata watu, mbege inapikwa, wazee wanawaona wajukuu waliokuwa wakiwasikia kwenye simu tu. Siku hizi wapo wanaobaki hadi mwisho wa Januari, wamekaa chini ya migomba wakitengeneza hesabu za kampuni za Dar kwa intaneti ya simu. Kazi inafanyika kweli, kwa saa zote, pengine vizuri kuliko ofisini. Lakini nauli ya kwenda Marangu si gharama ya kazi. Kihamba kimemwita, ofisi haikumwita. Nalisema hili kwa upendo, maana sioni safari yenye haki kuliko ile ya mtu kwenda kumwona mama yake. Haki hiyo tu haimo katika vitabu vya kodi.

Je, wajua kwamba Mahakama ya Juu ya Marekani iliwahi kukaa na kuamua kesi ya mtu wa namna hiyohiyo? Aliitwa Flowers, mwanasheria aliyeishi Jackson katika jimbo la Mississippi. Kampuni ya reli iliyomwajiri ilikuwa na makao makuu Mobile, jimbo la Alabama. Ikamwambia: ishi Jackson ukipenda, lakini gharama za kuja Mobile na kuishi huku ni juu yako. Akakubali. Mwaka 1939 alikwenda Mobile mara 33, na mwaka 1940 mara 40. Alipojaza hesabu zake za kodi alitoa dola 900 kwa mwaka wa kwanza na dola 1,620 kwa wa pili, akiziita gharama za safari za kikazi: nauli, chakula, hoteli.

Mahakama iliamua mwaka 1946. Majaji walitazama jambo moja tu: je, shughuli za reli ndizo zilizomlazimisha kusafiri? Wakaona sivyo. Reli haikuwa na faida yoyote kwa yeye kuishi Jackson. Alikuwa na nyumba yake huko, marafiki, kanisa na mizizi, na hayo yote ni mema, ila hayaizalishii reli hata senti. Akashindwa. Karibu miaka 80 baadaye, mfanyakazi wa Boston aliyekodi nyumba Soweto ya Moshi yuko mahali palepale alipokuwa Flowers, tofauti ni kwamba Jackson yake ina theluji karibu na ikweta.

Waingereza walikuwa wametangulia. Katika kesi ya Ricketts dhidi ya Colquhoun, iliyomo katika taarifa za kesi za mwaka 1926, mwanasheria aliyeishi na kufanya kazi London alikuwa pia jaji wa muda wa mji wa Portsmouth. Alitaka nauli ya treni na gharama za hoteli zipunguzwe katika mapato yake ya ujaji. Baraza la Mabwana likamkatalia: kazi ya ujaji ilianza Portsmouth alipoketi kitini, na kama alipenda kuishi London hilo lilikuwa lake. Fikra hizo za Kiingereza ndizo zilizolea sheria za kodi za Afrika Mashariki tangu enzi ya ukoloni, na maneno "yote na kwa ajili hiyo pekee" ni urithi wa moja kwa moja. Hata katika miaka ya karibuni, mwajiriwa wa Uingereza aliyetaka nafuu ndogo ya pauni 6 kwa wiki kwa ajili ya kufanyia kazi nyumbani aliulizwa kwanza: umelazimika kukaa nyumbani, au umependa? Aliyependa hakupata.

Sasa tupande mlima, maana huko ndiko swali hili linapoonekana wazi kuliko popote.

Je, wajua kwamba intaneti ya kasi ilifika Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, Agosti 2022? Shirika la mawasiliano la TTCL ndilo lililoipandisha, na Desemba mwaka huohuo ikazinduliwa kileleni Uhuru, mita 5,895. Kwa hiyo inawezekana leo mtu akatuma ripoti ya mauzo kutoka Horombo, akiwa amevaa makoti mawili, vidole vimekufa ganzi.

Wafikirie watu wawili wanaoingia lango la Marangu siku moja. Wa kwanza ni mpigapicha aliyeagizwa na jarida kupiga picha za barafu inayopungua. Wa pili ni mhasibu wa kampuni ya bima ya Ulaya aliyeamua kufanya kazi wiki hiyo akiwa njiani kupanda. Wote wanalipa ada ileile ya hifadhi. Wote wana kiongozi, mpishi na wagumu. Wote wanalala Mandara usiku wa kwanza, Horombo usiku wa pili, wote wanafungua kompyuta. Pengine mhasibu anafanya kazi saa nyingi zaidi ya mpigapicha. Lakini ada ya hifadhi ya mpigapicha ni gharama ya biashara yake, kwa sababu barafu haipatikani Brussels, na ya mhasibu ni matumizi yake binafsi, kwa sababu hesabu za bima zinapatikana popote. Mlima mmoja, njia moja, risiti mbili zinazofanana neno kwa neno, na hukumu mbili tofauti. Sijaona mfano unaoeleza sheria hii vizuri zaidi.

Hilo halimwachi mhasibu mikono mitupu. Kama ni mtu aliyejiajiri, programu anazolipia, matengenezo ya kompyuta, na bando alilonunua kwa ajili ya kazi vinabaki kuwa vya kazi, awe Horombo au Brussels. Mahali alipopachagua ndipo pamegharimiwa na yeye. Vyombo vya kazi vinaendelea kuwa vya kazi.

Na kuna mtu wa tatu, yule asiye na kwao popote. Mwezi huu Moshi, ujao Zanzibar, baada ya hapo Cape Town. Huyu hufikiri kwamba maadamu yuko safarini siku zote, basi maisha yake yote ni safari ya kikazi. Sheria ya Marekani inamwona kama kobe. Gharama za malazi na chakula hukubaliwa kwa mtu aliye mbali na makao yake ya kazi. Asiye na makao ya kudumu, makao yake ni pale alipo, kwa hiyo hayuko mbali na kwake hata siku moja. Kobe hawezi kudai pango la gamba lake.

Mmarekani ana mambo mengine ya pekee. Nchi yake na Eritrea ndizo zinazofahamika kwa kuwafuata raia kwa kodi ya mapato popote walipo duniani. Eritrea huwadai walio ng'ambo asilimia 2. Marekani humpa raia wake nafuu: akikaa nje siku 330 kamili ndani ya miezi 12 mfululizo, anaweza kuondolewa kwenye kodi mapato ya kazi hadi kiwango fulani, ambacho kwa mwaka 2025 kilikuwa dola 130,000. Ila gharama zilizozalisha mapato yale yaliyoondolewa haziwezi kudaiwa tena. Na mwajiriwa wa mshahara wa Marekani, tangu mwaka 2018, kwa kawaida hana nafasi ya kupunguza gharama za kazi ambazo mwajiri hakumrudishia.

Hadi hapa nimezungumzia nchi walizotoka. Tanzania nayo ina neno lake, na wengi hawalijui.

Je, wajua kwamba sheria haiulizi mshahara wako unaingia benki ya wapi? Malipo ya kazi iliyofanyika ndani ya Tanzania yana chanzo ndani ya Tanzania, yalipwe popote yanapolipwa. Ukiketi Moshi ukaandika programu ya kampuni ya Toronto, fedha zikaingia Toronto na zikabaki Toronto, kazi imefanyika Moshi. Zaidi ya hapo kuna ukazi wa kikodi. Mwenye makao ya kudumu Tanzania aliyekuwepo hata sehemu ya mwaka ni mkazi. Aliyekuwepo siku 183 au zaidi katika mwaka, hata kwa vipande vipande, ni mkazi. Na yupo wa kundi la tatu ambaye hujisahau: aliyekuwepo mwaka huu na kila mmoja wa miaka 2 iliyotangulia kwa wastani wa zaidi ya siku 122 kwa mwaka. Mtu anayekuja Moshi siku 130 kila mwaka, akijua hajafika 183, mwaka wa tatu anakuta amekuwa mkazi. Mkazi hutozwa kwa mapato yake ya duniani kote, isipokuwa yule ambaye jumla ya ukazi wake Tanzania, katika maisha yake yote, haijazidi miaka 2. Huyo hutozwa kwa mapato ya hapa tu.

Hesabu za kalenda nazo zina vituko vyake. Raia wa Afrika Mashariki anayeingia kwa kupitia mpaka wa Holili hupewa hadi miezi 6. Mkenya akivuka Januari 1 na kukaa hadi Juni 30, amekaa siku 181. Akivuka Julai 1 na kukaa hadi Desemba 31, amekaa siku 184. Miezi ni 6 kwa 6, lakini wa pili amevuka mstari wa siku 183 na wa kwanza hajauvuka, kwa sababu tu ya Februari.

Mgeni wa mbali aliyeingia kwa viza ya kitalii ya dola 50 ana siku 90, na viza hiyo ni ya kutembea, si ya kazi. Kenya ilitangaza Oktoba 2024 kibali cha daraja N kwa ajili ya wanaofanya kazi za nje kwa mtandao wakiwa ndani ya nchi. Naona ni hatua ya busara, kwa sababu inamwambia mgeni tangu mlangoni yeye ni nani. Mtu asiyejua yeye ni nani mbele ya sheria hawezi kuweka hesabu zake sawa, na mji unaomhifadhi nao hukosa kodi halali.

Akija ajue pia kwamba tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutaja bei au kudai malipo kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani. Pango la nyumba Moshi ni kwa shilingi. Na hapo Kiswahili chenyewe kinamchanganya mgeni, kwa kuwa tuna neno moja, kodi, kwa kile anachomlipa mwenye nyumba na kile anachoilipa serikali.

Kuhusu kutozwa mara mbili, Tanzania ina mikataba ya kodi inayofanya kazi na nchi kama Kanada, Denmark, Finland, India, Italia, Norway, Afrika Kusini, Uswidi na Zambia. Marekani na Uingereza, zinakotoka baadhi ya ajira hizi, hazimo. Aliyebaki bila mkataba hutegemea kipengele cha sheria kinachomruhusu mkazi kuhesabiwa kodi aliyokwisha kuilipa nje, na kwa hilo atahitaji ushahidi wa malipo.

Nimewaacha kwa makusudi hadi sasa wale ninaowajali zaidi: vijana wa Majengo, Pasua na Mji Mpya, na wahitimu wa Chuo Kikuu cha Ushirika, wanaowafanyia kazi wateja wa nje bila kuondoka kwao. Wanachora nembo, wanatafsiri, wanahariri video, wanapanga hesabu. Hawa hawakuchagua kuishi mbali na kazi. Kazi ndiyo iliyowafuata. Sheria ileile inayomnyima mgeni tiketi ya ndege inawapa wao mengi, na wengi wao hawayachukui.

Je, wajua kwamba mfanyabiashara mdogo anayetozwa kwa makadirio ya mauzo, yaani mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 100 kwa mwaka, hapunguzi gharama yoyote? Kodi yake inapigwa juu ya mauzo ghafi. Awe ametumia nusu ya mauzo kununua mali au robo, haijalishi. Mfumo huo ni mwepesi, na kwa mwenye duka la Mbuyuni unafaa. Lakini watoa huduma za kitaalamu hawamo ndani yake, na umewekwa kwa mtu ambaye mapato yake yote ni ya biashara yenye chanzo hapa nchini. Kijana wa huduma za kitaalamu hutakiwa kuweka hesabu kamili, na hesabu kamili ndizo zinazomfungulia kifungu cha 11.

Chukua kompyuta. Haitolewi yote kwa mkupuo, kwa sababu ni mali ya kudumu. Inapunguzwa kwa uchakavu, na kompyuta zimo katika kundi la kwanza la mali, lenye kiwango kikubwa cha asilimia 37.5 ya thamani iliyobaki. Kompyuta ya shilingi 3,000,000 inakupunguzia mapato yanayotozwa kwa shilingi 1,125,000 mwaka wa kwanza, na shilingi 703,125 mwaka wa pili. Hiyo ni kompyuta ya kazi. Ile ambayo mdogo wako anaangalizia tamthilia usiku kucha inaleta mabishano, kwa sababu ya lile neno "pekee". Ndiyo maana nashauri laini ya simu ya kazi iwe peke yake, na bando lake linunuliwe peke yake. Ukichanganya, utajikuta unabishana na ofisa juu ya asilimia za gigabaiti, na mzigo wa kuthibitisha ni wako.

Chumba cha kulala hakiwi ofisi kwa kuwekewa meza. Lakini chumba ulichokodi mjini, karibu na mnara wa saa au kokote, kwa ajili ya kazi tu, pango lake linaingia. Nauli ya kwenda Arusha kumwona mteja inaingia. Nauli ya kwenda Arusha kwenye harusi, ambako kwa bahati ukakutana na mteja, haiingii, hata kama mlizungumza biashara hadi keki ikakatwa. Rudi kwa bibi wa Marangu: nani alikutuma Arusha, mteja au bwana harusi?

Ritani ya mwaka, kwa mtu binafsi, ni kabla ya Juni kwisha, na makadirio hulipwa kwa awamu 4: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Kila kitu katika ritani hiyo kinasimama juu ya karatasi, hasa risiti za mashine za EFD, zilizoanza kutumika nchini mwaka 2010. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5. Na karatasi ya risiti hizo haina wino. Huandikwa kwa joto, na kwa joto hilohilo hufutika. Ukiiacha kwenye kioo cha gari Moshi mjini mwezi wa Februari, haimalizi msimu.

Kwa hiyo, msomaji, uwe wa Pasua au umetokea Toronto, fanya hivi kuanzia leo. Dai risiti. Ipige picha siku hiyohiyo. Kisha igeuze, na nyuma yake andika kwa kalamu jina la kazi iliyokutuma. Ikikosa jina la kuandika, iweke kando. Hiyo ni yako mwenyewe.